Nyangumi wa kusi: siku moja ng'ambo ya mwamba wa Watamu

Mtu wa pwani akikwambia kwamba anaijua bahari, mwulize kwanza amefika wapi. Mimi nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikajua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na kwa miaka mingi nimejigamba mbele ya rafiki zangu wa bara kwamba bahari ni ua wa nyumba yetu. Lakini ukweli, msomaji, ni kwamba bahari yangu ilikuwa ikikomea mwambani. Ng'ambo ya pale, kule mawimbi meupe yanakovunjika, sikuwa nimefika hata mara moja kwa chombo kidogo. Na nyangumi sikuwa nimemwona isipokuwa katika picha, na katika kisa cha Nabii Yunus tulichosomeshwa chuoni.

Kwa hivyo nilipoambiwa kwamba nyangumi hupita karibu na Watamu kila mwaka wakati wa kusi, na kwamba wako manahodha wanaowachukua watu kwenda kuwatazama, nilicheka. Nyangumi ni mnyama wa nchi za barafu, niliwaza. Sisi wetu ni changu, tafi na nguru. Aliyenipa habari hiyo, jamaa yangu mmoja anayefanya kazi hotelini huko, hakukasirika. "Njoo Agosti," akasema. "Usipomwona, nauli ya matatu nitakulipa mimi."

Agosti iliyopita nikaenda. Nauli sikulipwa.

Watamu, kwa asiyeijua, ni mji mdogo wa wavuvi na watalii katika Kaunti ya Kilifi, mwendo wa kilomita 100 hivi kaskazini mwa Mombasa, jirani na magofu ya Gedi. Bahari yake ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mbuga hiyo ni miongoni mwa za kwanza za baharini katika Afrika nzima. Watu wengi huenda kutazama samaki wa rangi rangi katika matumbawe, wakarudi hotelini wakala wakalala. Wachache ndio wanaojua kwamba maili chache tu kutoka pale wanapoota jua, sakafu ya bahari hushuka ghafula, na katika kilindi hicho hupita wanyama wenye urefu wa basi.

Tuliondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, maana nahodha alitaka tuupite mwamba kabla upepo haujaamka vizuri. Boti ilikuwa ya injini mbili, yenye kivuli cha turubai. Abiria tulikuwa saba: baba na mama kutoka Nairobi na watoto wao wawili, Mwitaliano na mkewe, na mimi. Kulikuwa na msichana mmoja pia, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea mambo ya bahari, aliyekumbatia sanduku la vyombo vyake kama mtu aliyebeba mayai. Kwa upande wa wenye chombo alikuwepo nahodha mwenyewe, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, baharia kijana, na mzee mmoja aliyevaa kikoi na kofia, aliyeketi tezi bila ya kufanya kazi yoyote.

"Huyu ni mjomba wangu," nahodha akatuambia. "Yeye ndiye macho yetu."

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanitazama viatu vyangu vya ngozi, akatabasamu kidogo, kisha akageuza uso kuelekea baharini. Hakusema neno jingine kwa muda wa saa nzima.

Nahodha alitupa jaketi za kuokolea maisha na hotuba fupi. "Bahari si yangu wala si yenu. Nyangumi tukimpata, tutamshukuru Mungu. Tusipompata, pesa sirudishi, kwa sababu mafuta yatakuwa yamekwisha kuungua." Tulicheka sote. Baadaye siku hiyo hakuna aliyecheka.

Tulipita mbele ya kile kisiwa kidogo cha mawe kilichoko penye mdomo wa Mida, ambacho wageni hukiita kisiwa cha nyangumi. Wakati huo wa mwaka kilikuwa kimejaa ndege wa baharini wanaokuja kutaga, nao walitupigia kelele kama wachuuzi wa Kongowea. Kisha tukaingia mlango wa mwamba. Nahodha alipunguza mwendo, akahesabu mawimbi kwa midomo, akangoja, akangoja tena, ghafula akavuta injini na boti ikaruka. Moyo wangu ulibaki nyuma.

Upepo wa kusi haukuwa mkali siku hiyo. Ndivyo alivyosema nahodha. Kama ule haukuwa mkali, basi ulio mkali Mungu aniepushe nao. Baba wa Nairobi, aliyekuwa ametusimulia ufuoni jinsi alivyovuka Ziwa Viktoria mara nne, ndiye wa kwanza kuinama ubavuni mwa boti. Wa pili nilikuwa mimi, mtoto wa bahari. Nilipoinua kichwa nilimkuta mzee amesimama kando yangu na kipande cha tangawizi mkononi. "Tafuna," akasema. "Na macho yaweke mbali. Usitazame maji ya karibu." Nilitafuna. Nilipona nusu.

WATOKAKO

Msichana wa chuo kikuu ndiye aliyetufundisha, huku ameshika nguzo ya turubai kwa mkono mmoja. Nyangumi wanaopita Watamu, hasa tangu Julai mpaka Septemba, ni wale wenye nundu mgongoni. Mkubwa wao hufikia mita 15 hivi na uzito wa tani 30 au zaidi, na jike humpita dume kwa ukubwa. Mapezi yake mawili ya ubavuni ni marefu ajabu, kila moja kiasi cha theluthi ya mwili mzima, hata ukimwona ameyanyosha utadhani ni ndege aliyetumbukia majini.

Wakati wa kiangazi cha kusini, Desemba mpaka Machi, nyangumi hawa huwa katika bahari ya barafu kandokando ya Antaktika, wakila uduvi mchana na usiku na kujaza mafuta mwilini. Baridi inapoingia huko hufunga safari ya zaidi ya kilomita 5,000 kuja kwenye maji ya joto. Wengine hukomea pwani ya Msumbiji, wengine huzunguka Madagaska na Visiwa vya Ngazija, na wengine huendelea kupanda mpaka Tanzania na kwetu Kenya. Huku hawaji kutafuta chakula, maana hakuna uduvi wa kuwashibisha. Wanakuja kuoana na kuzaa. Mimba huchukua karibu mwaka mzima. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na zaidi, naye hunyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi.

"Na mama yake anakula nini?" akauliza mtoto mkubwa wa Nairobi, msichana wa miaka kumi hivi.

"Hali kitu," mwanafunzi akajibu. "Miezi yote anayokaa huku hula mafuta ya mwili wake mwenyewe, na mtoto hunyonya hayo hayo. Kisha huanza safari ya kurudi, njaa ikiwa bado tumboni."

Mama wa Nairobi, aliyekuwa amenyamaza tangu mwambani, akasema, "Pole yake."

Yako mambo mengine aliyotuambia ambayo sikuyajua. Kule upande wa Omani wako nyangumi wa aina hii hii ambao hawasafiri kwenda barafuni hata kidogo. Hukaa katika Bahari ya Arabuni mwaka mzima, kwa sababu pepo za kusi huko huyachanganya maji na kuleta chakula tele. Hawafiki 100, nao wametengana na wenzao kwa makumi ya maelfu ya miaka. Nilipata fikira kwamba jahazi za Omani na za kwetu zimekuwa zikienda na kurudi kwa karne nyingi, kumbe chini yake nyangumi wa pande hizo mbili hawajuani.

KUNGOJA

Saa mbili ikapita, saa tatu ikaingia, na bahari ilikuwa tupu. Mtu asikudanganye kwamba kazi hii ni ya kutazama nyangumi. Ni ya kutazama maji. Kila povu unadhani ni pumzi, kila gogo unadhani ni mgongo. Mwitaliano alipiga picha ya wimbi mara tatu. Mimi, ili nisahau tumbo langu, nilikumbuka niliyopata kuyasoma.

Watu wa pwani hii walijua thamani ya nyangumi zamani sana, ingawa hawakuwa wakimwinda. Al-Masudi, yule msafiri Mwarabu aliyepita bahari hizi mwanzoni mwa karne ya 10, alitaja ambari ya nchi ya Zanji. Ambari hutoka katika utumbo wa nyangumi wa kabila jingine, yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku anayezamia vilindini kumfuata ngisi. Ikitoka huelea, bahari ikaitupa ufukweni, na aliyeiokota alikuwa ameokota mali, kwani watengenezaji wa manukato waliitafuta kama dhahabu.

Waliokuja kuwinda walikuwa wageni. Katika karne ya 19 merikebu za Wamarekani zilizowinda nyangumi zilitia nanga Unguja kutafuta maji na chakula. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, alitoa kitabu mwaka 1846 juu ya safari yake ya kuwinda, na ndani yake akaeleza siku alizokaa Unguja. Hao walikuwa na makasia na mikuki. Maangamizi yenyewe yalikuja karne ya 20, zilipoletwa meli za injini na mizinga ya kurusha chusa. Durban, ambako nyangumi wanaopanda pwani ya Afrika hupita, palikuwa na kituo cha kuwachinja tangu 1908 mpaka 1975. Katika nusu ya kusini ya dunia waliuawa nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 katika karne hiyo moja. Walipopigwa marufuku kuwindwa huko mwaka 1963, meli za Umoja wa Kisovieti ziliendelea kwa siri. Baada ya dola hiyo kuanguka ndipo wanasayansi wao wenyewe walipotoa hesabu za kweli: waliua zaidi ya 48,000 wa aina hii, hali walikuwa wameandikisha chini ya 3,000.

Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliifanya Bahari ya Hindi kuwa hifadhi, na mwaka 1982 ikapitisha kusimamisha uwindaji wa biashara duniani kote, jambo lililoanza kazi mwaka 1986. Kenya ilijiunga na tume hiyo mwaka 1981. Tangu hapo makundi mengi ya nyangumi wenye nundu yameongezeka tena. Ndiyo maana, alisema nahodha, baba yake aliwaona mara moja moja, naye huwaona kila mwaka.

Nahodha huyu, kabla ya kuwa nahodha wa watalii, alikuwa mvuvi, na wavuvi wa pwani hawaupendi msimu wa kusi. Bahari huchafuka, vyombo vidogo hushindwa kutoka nje ya mwamba, na nyumba nyingi huishi kwa mikopo ya dukani. "Zamani Julai na Agosti ilikuwa miezi ya kuazima unga," alinieleza. "Sasa nyangumi ananipa unga." Lakini alisema pia kwamba biashara hiyo ina mashaka yake. Mgeni akikasirika leo, kesho hupanda boti ya jirani, na si kila jirani ana subira.

Nilipoyasikia hayo niliyaona ni maneno ya kawaida ya mfanyabiashara. Sikujua kwamba kabla ya saa nne mimi mwenyewe ningekuwa miongoni mwa hao wageni.

"ZIMA"

Mzee alisimama. Hakupiga kelele wala hakunyosha mkono kwa pupa. Alisimama tu, na mpwa wake akapunguza injini papo hapo.

"Pale," akasema mzee.

Sikuona kitu. Kisha, upande wa joshi, ukapanda moshi mweupe kama mvuke wa sufuria kubwa iliyofunuliwa, ukatawanyika kwa upepo. Baada yake ukaja moshi wa pili, mdogo, mfupi, kama wa birika. Mgongo mweusi ukazuka taratibu, ukaendelea kuzuka, ukaendelea tena hata nikadhani hauna mwisho, ile nundu ikapita, ukazama. Ubavuni mwake mgongo mdogo ulifanya vile vile kwa haraka, kama mtoto anayekimbilia hatua za mama yake sokoni.

"Ana mtoto!" watoto wa Nairobi wakapiga kelele.

Walikuwa mbali nasi kiasi cha mita 200, labda na zaidi. Kwa jicho la nahodha, karibu sana. Kwa jicho langu mimi niliyeamka saa kumi usiku na kutapika mara mbili, mbali mno. Mwitaliano akaomba tusogee. Baba wa Nairobi, aliyefufuka ghafula, akasema kwamba amelipia watu wanne na hakuja kutazama moshi. Mwitaliano akatoa pochi, akahesabu noti, akaziweka juu ya kifuniko cha injini bila kuficha. Nami, msomaji, sitajitoa. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejiona anasema la busara: "Nahodha, sogea kidogo tu. Tumetoka mbali."

Nahodha alizitazama zile noti. Alizitazama kwa muda ambao si mfupi. Boti ilikuwa bado inakwenda polepole, na polepole hiyo hiyo ilikuwa ikitupeleka kwao. Mita 200 zikawa 150. Yule mkubwa akabadili njia, akamweka mtoto upande wa pili, na moshi wake ukaanza kutoka kwa upesi zaidi.

Mwanafunzi alisema kwa haraka kwamba desturi ifuatwayo mahali pengi ni kutomkaribia nyangumi chini ya mita 100, na mwenye mtoto aachiwe nafasi zaidi, kwa sababu kila anapokimbia huyachoma mafuta ambayo ndiyo maziwa ya mtoto na ndiyo masurufu ya safari ya kurudi. Hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tukizitazama noti, na tukimtazama nahodha.

Nahodha akageuka kumtazama mjomba wake.

"Zima," mzee akasema.

"Mjomba, wageni wame..."

"Zima, mwanangu."

Injini zikazimwa. Kukawa kimya. Chombo kisichokwenda huchezewa na mawimbi vibaya kuliko kinachokwenda, na baba wa Nairobi akarudi ubavuni. Mwitaliano alizichukua noti zake moja moja, akazirudisha pochini, akaketi akitazama upande wa pwani. Mkewe alimwambia neno moja kwa Kiitaliano, na kwa jinsi alivyolisema sikuhitaji mkalimani.

Mimi nilinung'unika. Niliandika katika daftari, na bado ninayo, maneno haya: "Mzee mkaidi. Amewaharibia biashara."

Nyangumi na mwanawe walitulia. Tuliwaona wakizuka mara nne tena, kila mara mbali kidogo kuliko mara iliyotangulia, wakielekea kaskazini. Mara moja mtoto aliinua mkia, akaupiga juu ya maji bila ya sababu niliyoiona, kama afanyavyo mtoto yeyote. Chini ya mkia wa kila nyangumi wa aina hii pana mabaka meupe na meusi yasiyofanana na ya mwenzake, na kwa alama hizo wataalamu huwatambua mmoja mmoja, kama sisi tunavyotambuliwa kwa vidole. Kwa umbali ule hatukuweza kuziona.

Mwanafunzi ndiye aliyetuokoa. Alifungua sanduku lake, akateremsha majini kinasa sauti kilichofungwa kwa waya mrefu, akaunganisha kipaza sauti kidogo, akatuomba tusinyanyue mguu. Kwanza tukasikia maji tu, na mchakato kama wa mafuta ya kukaangia. Hao ni kamba wadogo wa mwambani, alisema. Kisha ikaja sauti.

Nitaieleza vipi? Ilianza chini kama mbao za jahazi kuukuu linapogeuzwa, ikapanda ikawa kama siwa ya Lamu inapopulizwa harusini, ikakatika, ikalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, ikarudi mwanzo. Aimbaye ni dume, tuliambiwa, si yule mama; naye anaweza kuwa mbali kilomita nyingi. Wimbo wake huchukua dakika 10, 20, hata zaidi, kisha huurudia, saa baada ya saa. Madume yote ya sehemu moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo, wote wakiufuata mageuzi, hata baada ya miaka kadhaa unakuwa mwingine kabisa. Wale wa Omani wana wao.

Mtoto mdogo wa Nairobi aliweka sikio juu ya sakafu ya boti, akasema anausikia huko pia. Hakuna aliyemkatalia. Mwitaliano alikuwa amesogea karibu, kofia mkononi. Mzee peke yake hakusogea. Alikuwa amefumba macho, na kwa muda nilidhani amelala.

Tulipokuwa tukigeuza kurudi, yule msichana wa miaka kumi akapiga ukelele: nyangumi mzima amerukia hewani, kule, kule! Tuligeuka sote tukaona maji meupe yakianguka. Kwa hivyo kati ya watu kumi na moja tuliokuwemo, aliyeona jambo hilo ni mmoja, na mpaka tunashuka alikuwa akilisimulia, na kila mara nyangumi akiongezeka urefu.

KISU

Njiani nilikwenda kuketi tezi. Sijui kama nilitaka kuomba radhi au kutafuta habari ya kuandika. Sisi waandishi mambo haya mawili hutuchanganyikia. Nilimwuliza mzee kama nyangumi ni mkali, na kama ndiyo sababu aliogopa kukaribia.

"Mkali?" akasema. Akanyamaza. Kisha akanisimulia, akitazama maji yanayotoka nyuma ya injini, na mimi nayaandika kama nilivyoyasikia.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya kufa Mzee Kenyatta. Kwa hesabu yetu, 1977. Yeye alikuwa kijana, hajaoa. Walikuwa wanne katika mashua, na walitega jarife la papa usiku ng'ambo ya mwamba. Jarife hilo lilikuwa jipya, la mkopo kutoka kwa tajiri mmoja, na mkopo uliandikwa kwa majina yao. Kabla ya usiku wa manane jarife likavutwa kwa nguvu hata mashua ikageuka. Walidhani wamepata papa wa ajabu. Walipowasha karabai wakaona ni mtoto wa nyangumi, amezongwa mkia na pezi moja, na mama yake yuko chini yao.

"Tulishauriana," mzee akasema. "Mmoja akasema tukate. Wawili wakasema tungoje alfajiri, huenda akajinasua, na jarife likapona. Maana likikatwa, deni linabaki. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kamba. Nilikuwa mdogo wao, lakini kisu nilikuwa nacho kiunoni, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna ambaye angenizuia."

Hakukata. Walimsikia yule mtoto akipanda kuvuta pumzi, kama mtu mwenye pumu, kila mara kwa shida zaidi, jarife likimrudisha chini. Nyangumi si samaki. Akinyimwa hewa hufa maji kama wewe na mimi. Kabla ya adhana ya alfajiri pumzi hazikusikika tena.

"Jarife lilikuwa limekwisha kuraruka lote. Hata kitambaa cha kuchujia tui usingepata. Deni tulililipa miaka miwili. Yule mama alizunguka pale mpaka adhuhuri. Alipita chini yetu mara nyingi, mgongo wake ungeweza kutupindua kama kifuu. Hakutugusa." Akaivua kofia yake, akaikung'uta chumvi, akaivaa tena. "Wewe unaniuliza kama ni mkali. Tulikaa juu ya mtoto wake usiku kucha."

Sikuwa na la kusema. Tulikuwa tumeukaribia mlango wa mwamba, na nahodha alikuwa ameanza tena kuhesabu mawimbi.

"Mzee, haya niyaandike gazetini?" nikamwuliza hatimaye.

"Yaandike. Lakini usije ukaandika kwamba hatukuwa na la kufanya. Andika kwamba kisu nilikuwa nacho."

Tulifika ufukoni karibu na saa saba. Baba wa Nairobi alimwambia nahodha kwamba bei ni kubwa kwa kitu kinachoonekana mgongo tu, akaomba apunguziwe. Nahodha alimkumbusha habari ya mafuta, kwa adabu. Mke wa Mwitaliano alirudi peke yake baada ya kushuka, akamtia nahodha kitu mkononi, akaenda zake. Kilikuwa kiasi gani sikuona.

Nahodha akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya usukani, akaitandaza juu ya kifuniko cha injini. Tangu mwaka 2011 wako watu katika pwani yetu, wavuvi, wapiga mbizi na manahodha kama yeye, wanaoandikisha kila nyangumi na pomboo wamwonaye ili wataalamu wapate hesabu. Alijaza kwa mwandiko wa polepole: tarehe, saa, mahali. Wakubwa, 1. Watoto, 1. Umbali, mita 150. Wanaelekea kaskazini. Mwisho palikuwa na mistari mitatu mitupu ya maelezo zaidi.

"Mjomba," akaita, "hapa niandike nini?"

Lakini mzee alikuwa amekwisha kushuka. Alikuwa akipanda mchangani, kandambili zake mkononi, akielekea msikitini, maana adhuhuri ilikuwa imempita tukiwa baharini. Nahodha alingoja kidogo, kisha akaikunja karatasi kama ilivyo.